Padi ya Pili Ni ya Mgeni

Hotuba hii niliitoa Jumamosi alasiri, Manyatta, Kisumu, mbele ya wazazi, vijana na wenzangu wenye vibanda vya gemu. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Wazee wetu, akina mama, wenzangu wa vibanda, nanyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kuwa viti vimekwisha: amosou uduto, nawasalimu nyote. Ahsanteni kwa kuacha shughuli zenu mkaja.

Nilipoalikwa niliambiwa nizungumze juu ya gemu na vijana. Najua wengi mnangoja nitaje madhara, na nitayataja, maana yapo. Lakini nimebeba jambo jingine, limenikaa kifuani kwa miaka na sijapata kulisikia likisemwa mbele ya watu. Ni habari ya kitu hiki nilichoshika. Hii ni padi, kifaa cha mkononi cha kuchezea gemu, na hii ni padi ya pili.

Kazi yangu ni kutengeneza hizi. Padi haifi kwa siri. Chini ya kile kijiti cha kuongozea kuna utepe wa kaboni, mwembamba kama ganda la kitunguu, na kila dole gumba linaposukuma kijiti, kuna ulimi wa chuma unaousugua utepe ule. Ukisuguliwa vya kutosha, mchezaji wako anaanza kutembea mwenyewe hata hujamgusa. Kwa hiyo nikifungua padi naweza kukuambia imetumika kiasi gani, kama fundi viatu anavyoujua mwendo wako kwa kutazama kisigino.

Zamani mteja wa nyumbani akija mezani kwangu alileta padi mbili. Zimechakaa sawasawa, zimeliwa na vidole vya ndugu, majirani na binamu waliokuja likizo. Siku hizi huniletea moja. Nikiuliza ya pili iko wapi, huniambia iko kabatini, au aliiuza, au mashine ilikuja na moja na hakuona haja ya kununua nyingine. Hii niliyoshika ililetwa wiki iliyopita. Imekaa miaka minne nyumbani kwa watu. Nimeifungua, utepe wake ni mzima kabisa, kama ilivyotoka kiwandani. Betri ndiyo iliyokufa, kwa kukaa bila kuchajiwa. Niliitazama pale mezani nikaona huzuni ambayo sikuitarajia, na ndiyo maana nimekuja nayo hapa.

Tuanze mbali kidogo. Mashine ya kwanza ya gemu kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani ni Magnavox Odyssey, iliyotoka Marekani mwaka 1972, kutokana na kazi ya mhandisi Ralph Baer. Ile mashine haikuwa na akili ya kucheza dhidi yako. Iliweza kuweka vidoa vichache vya mwanga kwenye televisheni, na watu wawili wakavisukuma, kila mmoja na kifaa chake mkononi. Gemu zake karibu zote zilikuhitaji uwe na mtu wa pili. Mwaka huohuo kampuni ya Atari ikatoa Pong, ile ya kutumbukiza sarafu: vifundo viwili kwenye sanduku moja, watu wawili bega kwa bega. Hapo mwanzo, vijana, mtu wa pili hakuwa ziada. Ndiye aliyekuwa mchezo wenyewe.

Sisi hapa hatukuziona hizo. Mimi nilikutana na gemu miaka ya tisini, Nyalenda, nyumbani kwa jirani aliyekuwa na televisheni ya Great Wall isiyo na rangi, inayotumia betri ya gari. Mwanawe aliletewa mashine ya kuiga ile ya Nintendo, tukaiita Terminator kama kila mtu alivyoiita. Padi zake mbili zilikuwa na nyaya fupi, hivyo mlikaa sakafuni magoti yakigusana. Gemu tuliyoipenda ni Contra, ambayo Konami iliitoa kwa mashine ya Nintendo mwaka 1988. Askari wawili wanaingia msituni, mmoja suruali ya buluu, mwingine nyekundu. Kwenye Great Wall wote walikuwa wa kijivu. Kila baada ya dakika mtu alipiga kelele, "Mimi ni yupi? Mimi ni yupi?" na mwenzake akamwambia, "Ruka tukuone."

Na Contra ilikuwa na jambo moja sijalisahau. Mlipewa maisha machache kila mmoja. Yako yakiisha na mwenzako bado anayo, ungeweza kubonyeza kitufe ukachukua moja katika akiba yake, ukarudi vitani. Mashine haikumwuliza mwenye akiba kama amekubali. Lakini sisi chumbani tulikuwa na sheria yetu: lazima uombe. "Nikopeshe maisha." Na mwenzako angekutazama, akahesabu yake, akasema "chukua" au "ngoja kwanza tuvuke daraja." Kuna mtoto aliyechukua bila kuomba, akaambiwa atoke nje akae kizingitini mpaka gemu iishe. Hakuna mtu mzima aliyetufundisha sheria hiyo. Ilizaliwa pale sakafuni kwa sababu yule unayemwibia unamgusa goti.

Wazee waliokaa hapa mbele wanaijua hali hii kuliko sisi. Ajua, mchezo wetu wa bao, haichezwi na wawili tu. Wawili wanashika kete, lakini kuna mwingine amesimama anahesabu kwa macho, na mwingine anakohoa kohoo la makusudi mtu anapotaka kukosea. Pale stejini, wa bodaboda wanacheza drafti kwa vifuniko vya soda, na anayesubiri zamu ndiye anayezungumza kuliko wote. Kibanda cha gemu ni mtoto wa michezo ile. Skrini imebadilika, lakini benchi ni lilelile, na kanuni ni ileile: mshindi anabaki, aliyefungwa anampisha anayengoja.

Sasa, nini kimetokea? Napenda niieleze sawasawa, kwa sababu vijana hudhani padi ya pili ilikufa kwa uzee tu, kama taa ya chemni ilipoingia stima. Sivyo.

Chukueni kwanza gemu ya mpira. Kamera ni moja, inatazama uwanja kama mtu aliyekaa jukwaani pale Moi Stadium. Wachezaji wawili wanatazama picha ileile. Tekken ni vivyo hivyo: wapiganaji wawili, picha moja. Kwa gemu za namna hii, kuongeza mtu wa pili hakuigharimu mashine karibu chochote. Ndiyo sababu vibanda vyetu vimejaa mpira na ngumi. Tunazipenda, ndiyo, lakini pia ndizo zilizobaki.

Halafu chukueni mbio za magari, au gemu ya bunduki. Hapa kila mchezaji anataka jicho lake, na skrini inagawanywa: wewe juu, mimi chini. Gemu nyingi huchora picha 60 kwa sekunde, kwa hiyo kila picha ina milisekunde 16 na ushei za kukamilika. Mkiwa wawili, mashine lazima ichore dunia mara mbili ndani ya muda uleule. Mama anayepika chapati kwa kikaango kimoja, kisha anasikia wageni wameongezeka na mchana ni uleule, ananielewa. Na gemu za sasa zina dunia pana kuliko kumbukumbu ya mashine, kwa hiyo huletwa kile kipande ulichosimama tu. Mmoja akienda mlimani na mwingine pwani, mashine inabeba vipande viwili. Ugumu huu ni wa kweli. Watengenezaji wakiusema hawasemi uongo.

Lakini tazameni yaliyokwisha kufanyika. Mwaka 1996 Nintendo ilitoa Nintendo 64, mashine dhaifu sana ukiipima kwa simu iliyo mfukoni mwako leo, ikiwa na matundu manne ya padi usoni. Mwaka uliofuata ikaja GoldenEye 007 ya kampuni ya Rare, na kwenye televisheni ndogo za wakati ule watu wanne waligawana skrini, kila mmoja na robo yake. Picha zilikatikakatika. Ungeweza kuchungulia robo ya mwenzako ukajua amejificha wapi, na ugomvi wa kuchunguliana ukawa nusu ya raha. Leo tuna televisheni za inchi 55 ukutani, nusu yake moja ni kubwa kuliko ile nzima ya zamani, na ndipo skrini imeacha kugawanywa.

Mfano wa Halo, gemu ya bunduki, unaeleza zaidi. Ilitoka mwaka 2001 pamoja na Xbox ya kwanza, mashine yenye matundu manne, na marafiki wawili waliweza kuimaliza hadithi yote wakiwa kochi moja. Mwaka 2015 ikaja Halo 5, na skrini ya kugawana ikaondolewa kabisa. Wachezaji walilalamika mpaka mwaka 2017 Bonnie Ross, aliyekuwa mkuu wa studio iliyoitengeneza, akaahidi hadharani kwamba Halo za bunduki zitakazofuata zitakuwa nayo daima. Halo Infinite ikatoka mwishoni mwa 2021. Kwenye mashindano skrini iligawanyika, lakini kwenye hadithi yenyewe, ile ya kuvuka daraja na rafiki yako, mnamo Septemba 2022 wakatangaza wameiacha. Wachezaji wakatafuta njia ya uchochoroni ndani ya gemu ileile, wakaifungua wenyewe, wakakuta kazi kubwa ilikuwa tayari imefanyika. Nilipoyasoma hayo nilifunga simu nikakaa kimya. Nyumba ilikuwa imejengwa, chumba cha wageni kikafungwa kufuli.

Na kuna upande wa pili wa habari hiyo. Baldur's Gate 3, gemu kubwa mno ya kampuni ya Larian, ilitoka mwaka 2023 na ilikuwa na skrini ya kugawana. Kwenye Xbox Series S, ile ndogo, kumbukumbu haikutosha. Gemu ikachelewa kufika Xbox mpaka Desemba mwaka ule, na Series S ikaipata bila kugawana. Wangeweza kuishia hapo. Hawakuishia. Walirudi tena na tena kwenye msimbo wao, yaani maandishi ya programu, na Aprili 2025, katika sasisho la nane, skrini ya kugawana ikaingia hata kwenye ile mashine ndogo. Mtu akitaka, huwa anapata.

Kwa hiyo kwa nini wengi hawataki? Hesabu yake ni rahisi, na mwenye kibanda yeyote anaijua. Diski moja na padi nne ni watu wanne wanaocheza kwa bei ya diski moja. Watu wanne mtandaoni ni mashine nne, nakala nne, na ada nne. Xbox Live, mtandao wa Xbox, ilifunguliwa Novemba 2002, na kucheza na wenzako kupitia kwake kulikuwa kwa ada. PlayStation iliacha mtandao wazi kwa muda, lakini PS4, yaani PlayStation ya nne, ilipofika mwaka 2013, gemu nyingi za kununua zikahitaji ada ya PlayStation Plus ili ucheze na wengine. Kisha ikaja pesa ya ndani ya gemu. Kwenye gemu ya mpira ya FIFA, Ultimate Team ilianza mwaka 2009: unafungua pakiti za wachezaji, unaunda kikosi, kikosi kinakaa kwenye akaunti yako. Kwa mwaka wa fedha ulioisha Machi 2021, Electronic Arts, kampuni iliyoitengeneza, ilipata dola bilioni 1.62 kutokana na Ultimate Team katika michezo yake. Bilioni, ndugu zangu. Mgeni aliyeshika padi ya pili sebuleni kwako hana akaunti, hana pakiti, hana kadi ya benki. Kwenye vitabu vyao hayupo.

Siwaiti wezi. Wanalipa mishahara ya watu. Lakini nataka tulitaje jambo lenyewe: matundu hayakuzibwa na mashine. PS3 ya mwaka 2006 inapokea padi saba zisizo na waya. Xbox One inapokea nane. Mashine zilizidi kufungua milango, gemu ndizo zilizoacha kukaribisha.

Mimi mwenyewe niliwahi kununua gemu ya magari kwa ajili ya kibanda, niliiwekea akiba kwa wiki kadhaa. Ile iliyotangulia katika mfululizo wake iligawana skrini, nami nikaamini hii nayo ni vivyo hivyo. Jioni ya kwanza vijana sita wamekaa, wamelipa, nikachomeka padi ya pili, tukapekua menyu zote. Hakuna. Nilirudisha pesa za watu mmoja mmoja. Aliyekuwa mdogo kuliko wote aliniuliza, "Sasa wengine tutafanya nini, tutazame tu?" Sikuwa na jibu, na bado swali lake liko nami.

Hapa kwetu chumba kilidumu muda mrefu kuliko kwao, na kuna sababu. Wakati wenzetu wa ng'ambo wanazoea kucheza mtandaoni, Kenya ilikuwa bado inategemea setilaiti. Nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009. PS2, iliyozaliwa mwaka 2000, ilikuwa bado inatolewa gemu mpya za mpira mwaka 2013, na vibandani iliendelea kunguruma. Padi mbili, televisheni moja, gemu shilingi kumi. Kwa muda wote huo hatukuwa nyuma ya mtu. Tulikuwa tumekaa mahali ambapo gemu zilianzia.

Na hata leo mtandao ukiwa Kondele kila mahali, umbali haujafutika. Seva nyingi za gemu hizi ziko Ulaya, Ghuba au Afrika Kusini. Kutoka hapa mpaka London ni zaidi ya kilomita 6,000 ukipita angani kama ndege. Mwanga ndani ya waya wa kioo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Gaweni. Kwenda ni milisekunde 30, kwenda na kurudi 60, hapo bado hatujahesabu kwamba waya haupiti angani, unazunguka kwa Mombasa na Bahari ya Shamu, na kila kituo kinaongeza yake. Nimewaambia picha moja ina milisekunde 16. Kijana wa Kisumu anayecheza na mtu aliyekaa karibu na seva ya London anaona yaliyopita. Anadaka mpira ambao umeshaingia wavuni. Kisha bando linaisha, au stima inapotea, na mchezo unamhesabu amekimbia. Kwenye kochi moja, umbali kati yako na mpinzani wako ni urefu wa mkono.

Niwape habari ya kijana mmoja. Jina lake silitaji, ni mtu mzima sasa na ana kazi yake. Alikuwa akija kibandani jioni za siku za kazi, anakaa ukutani, shilingi kumi mkononi, hasemi na mtu. Vijana walidhani anaringa. Zamu yake ikifika, mwingine angemruka, naye hakulalamika. Siku moja mpinzani wa aliyekuwa bingwa wa jioni ile aliitwa nyumbani ghafla, padi ikabaki kwenye benchi. Nilimpa yeye. Nikamwambia, "Cheza, imeshalipiwa." Hakunijibu. Ndipo nilipotambua kwamba hakuwa amenisikia, wala hakuwa amemsikia mtu yeyote kibandani kwa muda wote ule. Alikuwa kiziwi.

Alimfunga bingwa mabao manne. Mechi iliyofuata ilikwenda penalti, akazidaka tatu. Nilisogea kando nikamtazama yeye badala ya skrini, nikaona siri yake: alikuwa hatazami mpira. Alitazama bega la mwenzake. Mtu anayetaka kupiga kushoto hushusha bega kidogo kabla ya dole gumba kusukuma, hata mwenyewe hajui. Kijana yule alikuwa ameishi miaka kumi na saba akisoma miili ya watu, na siku ile, kwa mara ya kwanza mbele yetu, elimu yake ikawa na thamani kuliko yetu.

Baada ya hapo vijana walitaka kumtania kama wanavyotaniana wote, na utani haukupita. Basi wakajifunza. Alama ya bao. Alama ya ofusaidi. Alama ya "umeniogopa", hiyo ndiyo iliyoenea haraka. Ndani ya mwezi kibanda changu kilikuwa na ishara zake, nyingine za lugha rasmi ya ishara ambayo alitufundisha, nyingine za kubuni palepale. Wawili wa vijana wale nawaona mjini mpaka leo wakikutana naye, wanasimama kando ya barabara wanazungumza kwa mikono, hawana haraka.

Sasa mchukueni kijana huyohuyo mpeni akaunti na kifaa cha sauti masikioni. Wapinzani kumi hawamwoni, hawawezi kuonwa mabega, wanapayuka kwenye maikrofoni asiyoisikia. Angekuwa jina na namba. Mtandao una mema yake, nami simkatazi mtu: kaka yangu yuko Doha, tunacheza naye Jumapili, na siku hizo nazipenda. Lakini mtandao hukukutanisha na yule ambaye tayari ana mashine, ana stima, ana bando na ana jina la akaunti. Padi ya pili ilimkaribisha asiye na chochote. Waswahili walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kibandani kwangu mgeni alikuja, nami nilipona, maana nilikuwa nimemwona yule kijana miezi miwili ukutani bila kumwona.

Wazazi, sijawasahau. Najua kibanda kimewaliza baadhi yenu. Kuna watoto waliotoka nyumbani na karo wakaishia kwenye benchi. Kuna vibanda vinavyofungua saa za masomo, kuna vibanda ambamo mechi inachezwa kwa dau la mia tano na mtoto anarudi nyumbani ameuza kiatu. Wenzangu wenye vibanda mko hapa na mnajua nasema nani. Hilo tuliache, na tuliache wenyewe bila kungoja chifu. Kwangu aliyevaa sare haingii, dau haliwekwi, na saa moja usiku mlango unafungwa. Nimepoteza wateja kwa hayo na nimelala vizuri.

Ila, mama, ukimwondoa mtoto kibandani ukampa simu akae nayo chumbani peke yake, usihesabu kwamba umemwokoa. Kibandani nilijua anacheza na nani, kwa sababu walikuwa wamekaa mbele yangu. Chumbani kwake hujui. Na gemu za simuni zimeundwa na watu waliosomea jinsi ya kumfanya asiiweke chini. Benchi lilikuwa na aliyefungwa anayempisha mwenzake. Simu haina wa kumpisha.

Ukinunua mashine ya nyumbani, nunua padi ya pili kabla ya diski ya pili. Soma nyuma ya jaladi, au kwenye ukurasa wa gemu dukani: idadi ya wachezaji kwenye mashine moja na idadi ya wachezaji wa mtandaoni huandikwa mbalimbali. Ukiona mmoja kwenye mashine na sitini mtandaoni, umejua nyumba hiyo haina chumba cha wageni. Tafuteni zile zenye chumba, zipo. It Takes Two ya studio ya Hazelight, mwaka 2021, haichezeki na mtu mmoja hata ukitaka, lazima muwe wawili, na ndiyo iliyochukua tuzo ya gemu ya mwaka ule. Imeuza nakala zaidi ya milioni 20, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba soko halipo. Nintendo Switch ya mwaka 2017 inakuja na padi inayokatika mbili, mmoja anashika kushoto, mwingine kulia. Bei yake bado iko mbali na mifuko yetu wengi, lakini aliyeibuni alikuwa amemfikiria mgeni tangu mwanzo.

Wenye vibanda, msiuze PS2 na PS3 zenu kwa bei ya chuma. Leteni kwangu, tuzipanguse vumbi, tubadilishe lenzi. Gemu zake nyingi hazihitaji akaunti ya mtu wala hazingoji seva iliyozimwa.

Nanyi mnaosoma kompyuta Maseno na kule Bondo, nanyi mnaojifundisha wenyewe kwenye laptopu za kuazima: TowerFall, gemu ya pinde ya watu wanne kwenye skrini moja, chimbuko lake ni Maddy Thorson, aliyeianza na wenzake wachache. Kamera moja, uwanja mmoja, hakuna cha kugawa. Godot ni programu ya bure ya kutengenezea gemu, msimbo wake uko wazi tangu 2014, na haihitaji mashine kubwa. Nitengenezeeni mashua mbili zinazorudi Dunga alfajiri na samaki, upepo mmoja, ziwa moja, anayefika kwanza ndiye anayeuza. Au ajua ya padi mbili, yenye nafasi ya watu wa kukohoa. Mkiitengeneza, kibanda changu kitaiweka siku hiyohiyo, na mechi za wiki ya kwanza ni bure.

Nimezungumza vya kutosha. Pale mezani karibu na dirisha nimeweka mashine ya kale, ndugu yake ile Terminator, nimeitafuta kwa muda mrefu na nimeilehemu upya mwenyewe. Contra imo. Televisheni hii ina rangi, kwa hiyo safari hii mtajua nani ni nani. Padi ya kwanza ashike mzee wetu mwenyekiti, ambaye ameniambia hajawahi kushika padi maishani. Ya pili nampa binti yule aliyesimama mlangoni tangu nianze, ambaye kila nikimkaribisha aingie anasema anamsubiri mama tu. Njoo, mama yako ataona uko wapi. Kaa hapa. Mzee akiishiwa maisha, atakuomba.